Mbegu Hutafutwa Julai

Mvua ya kwanza ikishapiga Mbeya, mwezi wa kumi na moja, duka la pembejeo huwa halina tofauti na mnada wa samaki. Watu wamesongamana mlangoni, kila mtu ana haraka, na muuzaji hana nafasi ya kujibu swali la pili. Unaulizia mbegu ya mahindi ya UH 6303, unaambiwa imekwisha jana, chukua hii hapa, nayo inazaa. Unachukua. Utafanyaje, na udongo umeshalowa na jirani ameshafukia mistari mitano?

Mimi nilichukua. Pakiti tano za kilo mbili, za ekari moja, punje nyekundu kama zilivyo mbegu nyingi zilizotiwa dawa. Siku ya kumi nikakuta mistari ina mapengo kama kinywa cha kibogoyo. Nikafukua mashimo kadhaa kwa kijiti: punje zimeoza, zimekuwa uji. Zile zilizoota zilitoa mahindi ya kila kimo, hili linanifika kiunoni, lile linanipita kichwa. Kwa akili yangu yalikuwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Nikarudi dukani. Nikaulizwa risiti, sina. Nikaulizwa pakiti, nilizitupa siku ile ile ya kupanda. Kesi ikafia kizingitini.

Muuzaji sijamsamehe mpaka leo, lakini kosa langu lilitangulia lake. Nilikwenda kutafuta mbegu siku ya kupanda. Siku hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: aina unayoitaka imekwisha, bei imepanda, matapeli wanajua huna muda wa kukagua, na hata ukigundua umeuziwa takataka, mvua haitakungoja. Kwa sisi wa nyanda za juu tunaovuna Juni na Julai, mbegu ya Novemba inatafutwa mavuno yakiwa bado kwenye turubai uani. Mengine yote nitakayosema yanategemea hilo.

Ipi ununue, ipi uitunze

Kabla ya kutoa hela, gawa mazao yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo mbegu yake lazima inunuliwe kila msimu. La pili ni yale unayoweza kujitunzia. Wakulima wengi ninaowafahamu hupindua: wanarudia mahindi chotara waliyovuna, halafu kila mwaka wananunua maharage ya kupanda kwenye gunia la sokoni, maharage ambayo hawajui yametoka wapi wala yalivunwa lini.

Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa na mtafiti, na nguvu yake iko katika kule kukutana kwao mara ya kwanza. Ukipanda alichozaa yeye, wajukuu wanatawanyika, kila mmoja anafuata ukoo wake. Shamba linakuwa na vimo vitano na mavuno yanashuka, hata uweke mbolea ya namna gani. Basi ukiamua kulima chotara, bajeti yake ni ya kila mwaka, sawa na mbolea. Kama hela hiyo huna uhakika nayo, lima aina zisizo chotara, zile zinazochavushana zenyewe shambani, kama TMV-1, Staha na Situka kwa walio ukanda wa chini na wa kati. Hizo unaweza kuzirudia misimu miwili mitatu kabla ya kununua upya.

Maharage ni hadithi nyingine kabisa. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka, kwa hiyo Uyole 96 ya mwaka huu itazaa Uyole 96 mwakani. Karanga, soya na mpunga hali kadhalika. Na hapa kuna jambo ambalo linaeleza kwa nini mbegu bora ya maharage ni adimu madukani wakati pakiti za mahindi zimejaa rafu nzima. Ekari moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu. Ya maharage inataka 35 hadi 40. Ni mzigo mzito, nauli yake kubwa, na mkulima akishanunua mara moja hatarudi kwa misimu mitatu au minne. Kampuni gani itakesha kwa biashara hiyo? Ndiyo maana mbegu ya maharage tangu zamani imekaa mikononi mwa wakulima wenyewe, hasa kina mama, na itaendelea kukaa huko. Shida haiko katika kuitunza mwenyewe. Shida ni kuitunza vibaya.

Kuna kikomo, lakini. Magonjwa kama chule na batobato husafiri ndani ya punje yenyewe, na kila msimu yanaongezeka kidogo kidogo mpaka mkulima anaanza kusema mbegu "imechoka". Mbegu haichoki, imeugua. Kila baada ya misimu mitatu au minne tafuta mbegu safi ya kuanzia, hata kilo tano tu, uizalishe upya.

Chagua mmea, usichague hindi

Somo hili nilipewa na shangazi yangu, ambaye hajawahi kuhudhuria semina. Mahindi yakiwa yametoa nywele alikuwa anapita shambani na kanga kuukuu iliyochanwa vipande vyembamba, anafunga kimoja huku, kimoja kule. Nikamwambia, "Shangazi, si ungesubiri tuvune tu, tuchague yale makubwa?"

"Ukingoja ghalani, mwanangu, utachagua hindi. Hutauona tena mmea wake."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Hindi kubwa linaweza kuwa limetoka kwenye mmea ulioota peke yake pembeni, karibu na zizi, ukala samadi na jua bila mshindani. Ukubwa ule ni wa mahali, na mahali hapawekwi ghalani. Unachokitafuta ni mmea uliozungukwa na wenzake pande zote, kwenye udongo ule ule, mvua ile ile, na bado ukafanya vizuri: haukulala upepo ulipopiga, majani hayana madoa, hindi limekaa katikati ya shina na maganda yamelifunika mpaka ncha. Wakati wa kuvuna, mimea yenye utepe inavunwa kwanza, peke yake, kwenye kikapu chake.

Kwa mahindi, chukua mimea 100 au zaidi, hata kama unahitaji kilo tano tu, ukitoa punje kidogo kwa kila hindi. Ukichukua mahindi matano makubwa, baada ya misimu michache unaozesha ndugu kwa ndugu na shamba linadumaa. Na chukua kutoka katikati ya shamba. Kitaalamu shamba la mbegu ya mahindi hutakiwa kukaa mita 200 au zaidi kutoka shamba jingine la mahindi, ili chavua ya jirani isivuke. Kwa vijiji vyetu, mashamba yanavyobanana, huo ni utani. Unachoweza ni kuepuka mistari ya ukingoni, au kupishana na jirani wiki tatu nne katika kupanda, mkikubaliana.

Maharage yana afadhali, mita chache tu zinatosha. Kwa hiyo nakushauri utenge kipande chake. Robo ekari ikikupa debe nne, ambazo ni mavuno ya kawaida sana, umepata mbegu ya kukaribia ekari mbili. Kipande hicho kipendelee. Kipalilie kwanza. Pita kabla ya maua na tena wakati wa maua, ng'oa kila mche wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka, na kila mche ambao ua lake si la rangi ya wenzake. Inauma kung'oa kitu kinachoota, najua. Ng'oa.

Chupa, chumvi na upara wa haragwe

Mbegu nyingi za wakulima huharibika kati ya kuvuna na kuhifadhi. Sisi hupiga maharage kwa fimbo, au kwa gunia lililojaa likitupwa chini, na kwa maharage ya chungu haidhuru. Kwa mbegu ni hasara. Punje inapata ufa usiouona kwa macho. Ukiipanda inatokeza juu vizuri, imebeba nusu zake mbili za punje, lakini katikati pale panapotakiwa kuchipua majani ni patupu. Ni mche wenye upara. Unakaa hivyo siku kadhaa, unakufa. Mbegu ya maharage ipukuchuliwe kwa mkono, au ipigwe taratibu ikiwa juu ya mkeka, maganda yakiwa yamekauka vya kutosha kupasuka yenyewe.

Kisha ukavu. Kuna kanuni moja ya watu wa mbegu ambayo ingefaa kuandikwa kwenye mlango wa kila ghala: unyevu wa punje ukishuka kwa asilimia moja, umri wa mbegu huongezeka karibu mara mbili. Mahindi ya mbegu yanatakiwa yafike asilimia 13 au chini yake. Kifaa cha kupimia unyevu ni ghali, lakini chupa na chumvi unavyo. Chukua chupa ya glasi safi, kavu kabisa, yenye kizibo. Jaza punje theluthi yake. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya mezani iliyo kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, punje bado zina maji, zirudishe juani. Chumvi ikibaki chini, kuta zikiwa safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Angalia hesabu hiyo: chini ya 15 hakujawa 13. Kwa hiyo hata chupa ikikupasisha, anika siku mbili tatu zaidi. Anika kwenye turubai, tabaka jembamba, uligeuze mara kwa mara, na jua la mchana likiwa kali sana sogeza kivulini. Lami ya barabarani si mahali pa kuanikia mbegu. Inapata moto wa kuua kiini, achilia mbali matairi.

Kwa kuhifadhi, mifuko ile isiyopitisha hewa ambayo wengi tunaiita kinga njaa inafanya kazi vizuri, kwa sharti kwamba mbegu imekauka, hewa imekamuliwa, na kila tabaka limefungwa peke yake. Wadudu waliobaki ndani wanaishiwa pumzi. Kila unapofungua kuchungulia unawapa pumzi mpya, basi acha kuchungulia. Mbegu kidogo iweke kwenye dumu au chupa za maji zilizokauka, uzijaze mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, kisha kizibo kikaze. Andika kwa kalamu ya wino mzito aina na mwaka. Utashangaa Novemba jinsi maharage mawili ya njano yanavyofanana.

Punje mia

Kama kuna jambo moja ambalo ningelazimisha kwa sheria, ni hili. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, pima uotaji wa kila mbegu unayotarajia kupanda, uliyoitunza na uliyonunua.

Changanya mbegu yako vizuri, kisha hesabu punje 100 bila kuchagua. Hapo watu hudanganyana: mkono wenyewe unakimbilia punje nzuri. Chota tu, hesabu kama zilivyo. Tandaza kitambaa cha pamba kilicholowekwa na kukamuliwa, panga punje mistari kumi ya kumi kumi, funika kwa kitambaa kingine, viringisha kama mkeka, weka ndani ya mfuko wa plastiki uliolegezwa mdomo, mahali penye joto la kawaida. Jikoni panafaa, mbali kidogo na moto. Kila siku gusa. Kikianza kukauka nyunyiza maji. Mahindi utayahesabu siku ya nne na ya saba. Maharage siku ya tano na ya tisa.

Unahesabu miche kamili tu, yenye mzizi na chipukizi. Iliyotoa mzizi bila chipukizi haihesabiki. Iliyooza, iliyoota ukungu, yenye upara, zote nje. Ukipata 85 na kuendelea, panda bila wasiwasi. Ukipata 70, mbegu inapandika lakini lazima uongeze: kama kawaida yako ni kilo 10 kwa mbegu inayoota 90, zidisha 10 kwa 90, gawanya kwa 70, unapata karibu kilo 13. Chini ya 60 kula, kama haikutiwa dawa, na utafute nyingine. Kuongeza punje shimoni hakusaidii sana hapo, maana hata zile zinazoota huwa dhaifu, baridi kidogo tu zinakufa.

Umeona sasa kwa nini nasisitiza Julai. Aliyeanza kutafuta Julai akanunua Septemba anafungua pakiti moja, anatoa punje 100 ambazo hata gramu 50 hazifiki, anapima, na kama haioti anarudi dukani akiwa na wiki nne mkononi. Aliyenunua Novemba anapimia shambani, kwa ekari nzima.

Ukinunua, nunua mkiwa wengi

Tarehe 8 Agosti tunakwenda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Wengi tunarudi na picha za ng'ombe mkubwa na mafuta ya nyama choma kwenye shati. Nenda kwanza kwenye vipando. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole na makampuni huotesha aina zao pale pale, unaziona zimesimama mstari kwa mstari. Uliza maswali manne: inakomaa kwa siku ngapi, inafaa kimo gani kutoka usawa wa bahari, inastahimili ugonjwa gani, na ni nani anayeiuza karibu na kwetu. Swali la kimo usiliruke. Uyole iko karibu mita 1,800. Usangu, chini kule, iko kama mita 1,000 na kitu. Aina inayong'ara huku haitapenda joto la kule, na ile ya muda mfupi ya bondeni ukiipandisha huku inaliwa na madoa ya majani.

Mkirudi, ketini watu 15 au 20 mnaoaminiana. Vikoba mlivyo navyo vinatosha, hakuna haja ya kuanzisha kikundi kipya chenye katiba na mwenyekiti mpya wa kugombaniwa. Andikeni orodha: nani anataka aina gani, kilo ngapi. Watu 20 wa ekari moja moja ni kilo 200 za mahindi, na kwa kilo 200 wakala mkubwa mjini anapokea simu yako, anakuwekea akiba na anakuandikia risiti. Kwa pakiti tano utapanga foleni. Nauli mnagawana.

Hela ndiyo mtihani. Julai bei ya mahindi iko chini, na kumwambia mtu auze sasa ili anunue mbegu ni kumwambia ajipunje. Kikundi kimoja ninachokijua kilitafuta njia: kila mwanachama analeta debe mbili wakati wa mavuno, zinafungwa kwenye kinga njaa, zinauzwa Septemba bei ikiwa imepanda, na fedha yote inakwenda kwenye mbegu bila kupita mfukoni mwa mtu. Funguo za stoo wanashika watatu. Sisemi ni mbinu isiyo na matatizo (msimu mmoja walikorofishana kuhusu debe la nani lilikuwa na mahindi yaliyotobolewa) lakini wanapanda mvua ya kwanza.

Kama halmashauri yenu ina mbegu za ruzuku, hakikisha taarifa zako kwenye daftari la wakulima kijijini ziko sawa, na namba yako ya simu ni ile unayoitumia. Serikali iliweka ruzuku kwenye mbegu za mahindi msimu wa 2024/25. Asiye daftarini anasimuliwa tu.

Dukani, usinunue mbegu inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililofunguliwa, hata muuzaji awe shemeji yako. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu iuzwe ikiwa imefungashwa na ina lebo. Tazama mshono wa pakiti kama umefumuliwa na kushonwa tena. Tazama lebo ya TOSCI, yaani taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao yake Morogoro. Kwangua sehemu iliyofichwa na ufuate maelekezo yaliyochapwa hapo kuhakiki kwa simu, ukiwa bado mbele ya kaunta. Soma tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Bei iliyo chini kupita kiasi si bahati yako. Chukua risiti iliyoandikwa jina la aina na namba ya kundi la mbegu, siyo neno "pembejeo" tupu. Ukishapanda, pakiti tupu, risiti na punje kiganja kimoja viweke mahali pasipofikiwa na watoto mpaka uvune. Mambo yakienda kombo, piga picha za shamba ndani ya wiki mbili za mwanzo, mpelekee afisa kilimo wa kata, naye awapelekee TOSCI. Malalamiko ya mdomo peke yake hayana miguu.

Kuwa wewe duka

Lipo daraja la mbegu lililobuniwa kwa ajili ya wakulima wadogo: mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wengi huziita kwa kifupi QDS. FAO ilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1993 na kuupitia upya 2006, na Tanzania inalitambua daraja hilo katika kanuni zake. Kikundi kinapata mafunzo, kinasajiliwa TOSCI, kinaanza na mbegu ya daraja la juu kutoka TARI au ASA, wakala wa serikali wa mbegu za kilimo. Shamba linakaguliwa, sampuli inapimwa maabara, na ikifaulu inapata lebo na kuuzwa humo humo karibu na ilikozalishwa. Kwa maharage, karanga, mtama, ufuta na choroko, mazao ambayo makampuni hayana hamu nayo, mimi naona hii ndiyo njia fupi kuliko zote.

Wanaoshindwa hushindwa kwa mambo mawili. Kwanza, wanaomba mbegu ya kuanzia wiki mbili kabla ya kupanda. Iombeni msimu mzima kabla, na mkaguzi mjulisheni tarehe ya kupanda mapema, kwa sababu shamba ambalo halikukaguliwa likiwa na maua haliwezi kukaguliwa likiwa gunia. Pili, wanazalisha kwanza, wanatafuta soko baadaye. Jirani hawezi kulipa zaidi ya bei ya maharage ya kula kwa maneno yenu. Pandeni mistari michache kando ya njia ya kwenda gulioni, ya mbegu yenu na ya kawaida pamoja, watu wapite waone. Halafu fungasheni nusu kilo na kilo moja. Mama ambaye hatatoa hela ya kilo 40 atatoa ya nusu kilo, aijaribu kwenye bustani ya nyuma ya nyumba, aizalishe.

Na mama huyo muulizeni mapema kabisa, kabla hamjachagua aina. Nimeona haragwe lililozaa sana likaachwa kijiji kizima kwa sababu lilikula kuni za siku mbili. Pikeni sufuria mbili, wapeni watu waonje, hesabuni dakika.

Muhogo na viazi vitamu

Haya ni mafupi lakini yanaumiza. Muhogo unapandwa kwa pingili, viazi kwa marando, na ugonjwa ulio katika shina unahamia wote kwenye shamba jipya. Batobato utaiona kwenye majani. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mjanja zaidi: mmea unaweza kuonekana mzima juu huku mizizi imeoza chini. Kwa hiyo ukiomba pingili kwa rafiki, usikubali kukatiwa shina kabla hajang'oa na kupasua mizizi ya mmea ule mbele yako. Ikiwa na mabaka ya kahawia, mshukuru na uende kwa mwingine. Bora zaidi nunua kwa wazalishaji wa pingili waliokaguliwa, uziweke mbali na muhogo wako wa zamani.

Kama unasoma haya mahindi yako bado yako shambani na nywele hazijakauka, hujachelewa. Tafuta kanga kuukuu, ichane vipande 100, kesho asubuhi ingia shambani.